Upindo

Wiki ya saba, kabla sijakujua,
shavu langu la kushoto liliumuka kama andazi.
Hull nzima haikuwa na daktari wa meno wa kunipokea.
"Orodha imejaa," sauti ikasema, "jaribu tena Septemba."
Basi nikasukutua maji ya chumvi,
nikauma karafuu,
nikashona.

Zipu za suruali za watu wa bandarini,
gauni la bibi harusi aliyenenepa ghafla;
usiku homa ikipanda, asubuhi nami nikipanda basi.
Jino likiuma halina heshima,
halibishi hodi kuuliza nani yumo ndani.

Na wewe ulikuwemo.
Mdogo kuliko kifungo cha shati,
ukichimba ukuta wangu taratibu utie mizizi,
na damu yangu, iliyopaswa kukukaribisha,
ilikuwa mbio kwenye ufizi, na marungu,
ikipigana na adui asiye wako.

Haya nimeyajua baadaye.

Wiki ya ishirini na nane mkunga Glenys
alitoa futi mfukoni. Futi yangu mimi! Ile ile,
ya njano, yenye ncha ya bati.
Akaiweka kwenye kinena, akaivuta hadi kilele cha tumbo,
akanyamaza.
Nami naujua ukimya wa mtu mwenye futi mkononi:
kitambaa hakitoshi.

Ishirini na tano, akaandika.
Akapima tena. Ishirini na tano.

Chumbani kwa daktari, simu juu ya meza,
ndani ya simu mkalimani, sijui yuko mji gani,
nyuma yake mtoto akililia uji.
"Anasema mwanzoni mwa mimba mwilini mwako kulikuwa na uchochezi."
Uchochezi?
Mimi sijahutubia mkutano wowote,
sijamtukana mkuu wa wilaya yeyote.
Nikacheka peke yangu. Daktari akaitazama simu.
"Samahani, mama. Mchochota. Yaani mwili kuwaka
ukipambana na kidonda."
Nikagusa shavu.

Akanichorea kondo la nyuma na mishipa yake,
jinsi inavyotakiwa kutanuka mapema, kama mikono ya kanzu,
na jinsi moto ukiwaka siku zile za kwanza
mikono huenda ikabana, chakula kikapita tone kwa tone.
"Huenda," akasema. Mkalimani naye: huenda.
Neno hilo nikalibeba hadi nyumbani kama mfuko uliotoboka,
kila hatua kitu kikidondoka.
Huenda ni jino. Huenda ni zile saa za kuinama cherehani.
Huenda si chochote, ni ubishi wako tu.
Baba yako akasema, tusitafute mchawi.
Nikamwambia, simtafuti mchawi,
namtafuta daktari wa meno.

Ulizaliwa Novemba, upepo wa Humber ukigonga madirisha ya wodi,
kilo mbili kasoro kidogo.
Tukakupa jina la bibi yangu wa Pangani: Mashavu.
Wauguzi wakauliza maana yake.
Nikajaza hewa kinywani, nikawaonyesha;
wakautazama uso wako uliochongoka kama kokwa ya tende,
wakacheka kwa adabu.

Nguo zote za dukani zilikumeza.
Wakaniambia, wewe si fundi? Kata, punguza.
Sikukata.
Nilikunja kitambaa kwa ndani, vidole vitatu,
nikapiga bandi ndefu, legelege,
uzi ambao hata jino bovu lingeukata.

Leo wamekupima tena.
Nukta yako bado iko chini ya mstari, wamesema,
wakanionyesha karatasi kana kwamba sijui kusoma vipimo.
Nimerudi, nimekulaza juu ya meza ya kazi
kati ya chaki na mkasi,
nimefumua safu moja.

Gauni limeshuka, limekufika vifundoni.
Ndani, mahali wapimaji hawafunui,
umebaki upindo wa vidole viwili.